Wikio

Nyumba ya shangazi yangu, Mkomani, ina wikio:
chumba kimoja kilichoruka uchochoro
kikalaza boriti zake juu ya ukuta wa kina Maamun.
Hakuna jiwe lao lililong'olewa.
Humo nimeweka meza, kompyuta,
na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza.
Humo nikaandika, mwezi wa Rajabu,
programu ya Fundi Twalib wa Langoni,
mchonga milango.

Darasa la Mlango sikuliandika mimi.
Lilikuja katika maktaba ya kununua, limefungwa,
na siri zake huzioni, kama ndani ya nyumba ya watu.
Nami nilitaka mlango ujue jambo moja zaidi:
kumshushia bei jirani.
Basi nikajenga nje. Mbinu ya nyongeza,
nikaiita punguza,
ikaitika kana kwamba ilizaliwa humo.
Asiyejua angeapa ni damu moja.

Shangazi aliwahi kuniuliza,
"Chumba kilo yuu ya ndia ni cha nyumba ipi?"
Nikacheka. Sikumjibu.

Kisha wenye maktaba wakatoa toleo jipya,
nikalipokea bila kusoma waraka wake.
Jumamosi Fundi akapanda ngazi,
vumbi la mbao kwenye nyusi, karatasi mkononi.
"Mlango wa Bi Khuzaima," akasema,
"umepungua upana. Bei haikupungua."

Hakukuwa na kosa jekundu. Hakukuwa na onyo.
Mbinu yangu ilikuwapo, herufi kwa herufi,
imekaa, haiitwi na mtu.
Wenyewe walikuwa wamezaa punguza yao,
ya kupunguza vipimo,
na asilimia kumi yangu ikaenda kwenye ubao.

Sheria ni ya hodi, nilipaswa kuijua.
Mkusanyaji akibisha, huanza kwa mwenye nyumba,
na kwa wazee waliomrithisha.
Akiwamo mwenye jina hilo, anayeweza kupokea ulichobeba,
huyo ndiye. Habari imekwisha.
Wa wikioni hata haulizwi kama amelala.
Asipopatikana humo, ndipo hutoka nje:
mtaa wa karibu, kisha unaouzunguka,
pamoja na wale uliowataja juu ya faili.
Usiyemtaja hayupo,
hata akikohoa nyuma ya ukuta.
Na wawili wa umbali mmoja, wasiozidiana kwa lolote,
wakiitika pamoja, hachagui; hugoma.
Huyo ana heri. Mgomo huonekana.
Mimi nilipatwa na adabu ya kimya:
mwenyewe ameamka, mgeni akanyamaza.

Tena nikagundua la pili, usiku huo huo.
Nilikuwa na nyongeza mbili za kutia chapa,
moja ya Mlango, moja ya MlangoWaNakshi,
na mlango wa nakshi, maua na mnyororo wote ule,
ulitoka na chapa ya mlango mtupu.
Kwa nini? Kwa sababu kwenye kisanduku niliandika Mlango.
Mkusanyaji huamua kabla programu haijaamka.
Husoma cheti. Uso hauoni.

Nikabadilisha jina: beiYaJirani.
Jina refu, baya kidogo, ambalo hakuna wa mbali
atakayefikiria kumpa mwanawe.
Bi Khuzaima akarudishiwa fedha zake, akachongewa mwingine.
Ule mwembamba nikaununua mimi.
Tumeupachika hapa wikioni.
Umebaki upenyo wa vidole viwili,
paka wa kina Maamun hutia mkono humo
akitafuta nisichokijua.

Jana, saa nne, niko peke yangu na feni,
mtu akabisha chini.
Nikafungua kinywa.
Shangazi alikuwa ameshaitika.